Zerko na Halden katika Ukumbi wa Abdirashid

Mimi ndiye niliyekuwa esigani wa Abner Ongeri. Esigani kwetu Gusii ni mtu wa katikati, anayetembea kati ya nyumba ya mvulana na nyumba ya msichana mpaka ndoa ikae. Kazi yake haiishi siku ya harusi. Nyumba ikianza kuvuja, yeye ndiye anayeitwa. Walinichagua kwa sababu miguu yangu haitulii, naijua Ikonge kwa kina Abner na naijua Nyamarambe kwa kina Bochaberi. Na nilisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili nikasema kwa mdomo wangu kwamba kijana huyu ana kazi na hatakosa kazi.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Mwaka wa tisini na saba Abner akapunguzwa kazi Nairobi, alikokuwa akichora ramani kwa kompyuta. Akarudi Ikonge na mke, godoro, na kompyuta moja kuukuu. Bochaberi alivumilia mwaka mzima. Alichuma chai ya watu, mgongo ukawa hauna siku ya kupona. Mtoto hawakuwa wamejaliwa. Desemba ya tisini na nane kaka yake mkubwa, Mogaka, akaja kumchukua dada yake, na kabla ya kuondoka akanivuta kando.

"Mzee Haron, mwambie mtu wako tunampa mpaka mwisho wa Februari. Apate kazi ya mshahara, kazi ya kuonekana kwa macho. Akikosa, ng'ombe wake wanne watarudi."

Ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imekufa. Hakuna karatasi nyingine inayotafutwa. Na kama hakuna mtoto, hakuna hata ng'ombe mmoja wa kubakizwa. Wanarudi wote, na esigani ndiye anayewaswaga.

Kazi yenyewe ilitokea Januari. Abdirashid, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kisii, alikuwa amekodi ukumbi nyuma ya soko na kuweka kompyuta kumi za michezo. Alisikia kwamba huko Mombasa vijana wanajipanga foleni kuendesha magari ya kwenye kioo, akaona Kisii nao wana vidole. Kilichokosekana ni kadi za picha. Kadi ya picha ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta; ndicho kinachochora gari, barabara na miti ya mchezo. Kikiwa kizembe, gari linakwenda kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi.

Abdirashid alitaka kadi za aina moja kwenye mashine zote kumi, na mtu mmoja wa kuzitunza, wa kulipwa kila mwezi. Watu wawili wakajitokeza. Mmoja alikuwa Pratik, mtoto wa Indravadan mwenye duka la redio na pasi, aliyekuwa akisifu kadi iitwayo Halden. Mwingine alikuwa Abner, na kadi yake ilikuwa Zerko, aliyoachiwa na rafiki aliyehama nchi.

Nilikuwepo siku walipobishana dukani kwa Indravadan. Abner aliweka Zerko yake juu ya kaunta kama mtu anayeweka kuku wa kuuza.

"Picha sitini na mbili kwa sekunde," alisema. "Na hapo sijaigusa. Yako inatoa ngapi?"

"Hamsini na moja," Pratik alijibu. Alikuwa kijana mnene mpole, anayeongea huku akichezea bisibisi. "Lakini hamsini na moja ya leo, ya kesho, ya Krismasi. Yako inatoa sitini na mbili mpaka saa ngapi?"

"Hiyo ni maneno ya mtu ameshindwa."

"Bwana Abner, wewe unajua. Hawa Zerko wanatengeneza kadi kama wanafukuzwa na polisi. Dreva yao umeiona? Ile ya kwanza miti ilikuwa haina majani. Ya pili, majani yamekuja, ukungu umepotea. Halden wanakaa na dreva moja miezi sita kama fundi wa suti."

"Suti ya nini kwenye mbio?"

Mzee Indravadan, aliyekuwa akipanga balbu, akacheka. "Nyinyi mnabishana kama wake wenza. Mume ni Abdirashid, muulizeni yeye analala wapi!"

Dreva wanayoisema ni ile programu inayokuja na kadi, inayoiambia kompyuta namna ya kuitumia. Hata mimi niliyesoma madarasa mawili hapa, moja kule, nilielewa: kadi ni ng'ombe, dreva ni mkono wa anayekama. Mkono ukiwa mbaya, maziwa yanamwagika hata kama ng'ombe ni wa gredi.

Abdirashid hakuwa na muda wa mabishano. "Mimi najua kitambaa," alisema. "Kitambaa nakivuta hivi, kikikatika sinunui. Leteni hizo kadi zenu ukumbini tarehe ishirini Februari. Mashine mbili sawasawa, mchezo mmoja, saa tatu bila kupumzika. Kila mtu naruhusu asimamishe mara moja, dakika tano, arekebishe kitu chake. Ikijizima yenyewe, amekwenda. Zikifika mwisho zote, yenye mbio zaidi ndiyo yangu, na mwenyewe ndiye mtu wangu."

Nikahamia Ikonge, kwenye chumba cha Abner nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Sikuwa na msaada wa maana. Nilichemsha uji, nilishika tochi, nilisoma namba. Yeye alikuwa na kazi ya kuipandisha Zerko mwendo. Kumbe kadi hizi hutoka kiwandani zimefungwa breki kidogo, na kuna programu ndogo yenye kijiti cha kusogeza kwenye kioo. Ukikisogeza kulia, kadi inakimbia kupita alivyokusudia aliyeiunda. Ukizidisha, inalewa. Inachora nukta nyeupe, inachora miti kichwa chini, halafu inaganda.

Alikuwa akisogeza kidogo, anaacha mchezo ujiendeshe wenyewe, anasoma namba. Sitini na tano. Sitini na nane. Aling'oa bati nene la kupozea kutoka kwenye spika iliyokufa, akalikata kwa msumeno na kulifunga juu ya kadi. Sabini na moja. Kisha rafiki yake mwingine wa Nairobi akamtumia diski yenye dreva mpya ya Zerko, ambayo wenyewe waliandika kwamba bado inajaribiwa. Kwa dreva hiyo, sabini na nne.

"Tata, umeona?" aliniuliza. Tata ni baba. Ndivyo alivyoniita tangu nimposee mke. "Sabini na nne! Pratik atakula bisibisi yake."

"Na dreva ile ya zamani, ya kwenye sahani ya CD iliyokuja na kadi, si ilikuwa imetulia?"

"Imetulia kama maiti. Inaninyima picha tatu."

Majaribio yote tuliyafanya kuanzia alfajiri mpaka saa tatu asubuhi. Sababu ni umeme. Ikonge kinu kikianza kusaga, balbu zote za soko zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi, na kompyuta inajizima. Kwa hiyo tuliamka kabla ya kinu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, mimi nimejifunga blanketi. Siku kumi na mbili mfululizo Zerko ilikimbia saa tatu nzima kwa sabini na nne bila nukta hata moja. Nilishuhudia kwa macho yangu. Nikatuma neno Nyamarambe: Mogaka aje Kisii tarehe ishirini, aone kazi ya shemeji yake.

Tarehe ishirini ilikuwa Jumamosi. Mogaka alifika na kofia yake ya kanisani, akakaa kando yangu kwenye benchi, akanisalimia bila kunitazama. Ukumbi ulikuwa wa mabati, hauna dari. Abdirashid alikuwa ameziba madirisha kwa vitambaa vyeusi vya dukani kwake ili vioo vionekane vizuri. Vijana walijaa kama mahindi ndani ya gunia, waliokosa nafasi wakaziba mlango. Mashine mbili zilikaa meza moja, vifuniko vimetolewa ili kila mtu aone kadi ni ile ile. Janat, binti wa Abdirashid, alisimama na chaki ubaoni aandike namba kila nusu saa.

Walianza saa tano kamili. Nusu saa ya kwanza Janat akaandika: Zerko sabini na nne, Halden hamsini na moja. Ukumbi ulipiga kelele mpaka mabati yakalia. Gari la Abner lilikuwa linateleza kama sabuni, huku la Pratik likienda kwa adabu.

"Hiyo ya Mhindi inapanda mlima wa Manga na mzigo wa ndizi!" kijana mmoja alipaza sauti.

"Wekea punda majani!"

Pratik aliinua mkono akacheka nao. "Ndiyo, ni punda. Punda amebeba nyinyi wote mpaka shule."

Saa sita, sabini na nne. Saa sita na nusu, sabini na nne. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kiunoni. Mogaka alivua kofia akawa anajipepea nayo. Hakuwa mtu mbaya, Mogaka. Alikuwa mtu aliyemwona dada yake akirudi nyumbani na mikono iliyopasuka. Saa saba, Janat alipoandika tena sabini na nne, akaniinamia.

"Mzee Haron, hii kazi ni ya mshahara kweli?"

"Ya mwezi kwa mwezi."

"Na mwenye hii nyumba anaaminika?"

"Yule pale. Muulize."

Alimtazama Abdirashid, halafu akasema, "Basi kumbe shemeji anajua kitu." Tangu Desemba hakuwahi kumwita shemeji. Nilisikia moyo wangu ukiketi chini, kama mtu aliyefika nyumbani.

Ilipofika saa saba na dakika arobaini, niliiona nukta nyeupe ya kwanza. Ilikuwa barabarani, mbele ya gari, ikamulika na kutoweka. Halafu tatu. Halafu mti mmoja ukasimama hewani bila shina. Vijana hawakujali, walidhani ni sehemu ya mchezo. Lakini Pratik aliona. Akamwinamia Abner, nami nilikuwa karibu, nilisikia.

"Bwana Abner, punguza. Una zile dakika tano zako, hujazitumia. Rudisha kwa sitini na mbili tu, bado unanishinda."

Labda Abner alidhani ni hila ya mshindani, nani angemlaumu? Aligeuka akanitafuta mimi. Uso wake ulikuwa umelowa, na macho yaliniuliza wazi kabisa: tata, nisimamishe?

Naandika jambo hili kama lilivyokuwa. Nilimtazama Mogaka. Alikuwa anatabasamu, meno yote nje, mara ya kwanza siku hiyo. Nikawaza: gari likisimama sasa, na kelele za vijana zikikatika, huyu ataona nini? Ataona mtu ambaye kitu chake kinasimama. Atarudi Nyamarambe aseme kilisimama. Zilibaki dakika ishirini.

"Acha ikimbie," nilimwambia.

Akaacha.

Ilikimbia dakika saba. Kisha barabara ikapasuka vipandevipande vya rangi, gari likageuka kuwa mistari, sauti ikakwama kwenye mlio mmoja mrefu, na kioo kikawa cheusi. Harufu ya plastiki moto ikatufikia puani. Abner alibonyeza, akazima, akawasha. Kioo kiliendelea kuwa cheusi.

Kando yake Halden ilikuwa inaendelea, hamsini na moja, hamsini na moja, gari linapinda kona kwa adabu. Hakuna aliyeizomea tena. Saa nane kamili Abdirashid akainua mkono.

"Nimevuta vitambaa vyote viwili," alisema. "Pole, bwana Abner."

"Niruhusu niiwashe tena kwa mwendo wa chini," Abner aliomba. "Kadi haijafa, bwana Abdirashid. Imepata joto tu. Nipe nusu saa."

"Wateja wangu nikawaambie wangoje nusu saa ipoe?"

"Basi nipe kazi tu. Weka Halden. Mimi nitazitunza, hizo hizo Halden."

Abdirashid alimtazama kwa huruma. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Watu mia wamekuona, ndugu yangu. Mashine ikiharibika Jumatatu watasema ni wewe."

Pratik alitaka kumshika bega. Alisema kwamba yeye hakuwahi kuitaka kazi ya kukaa ukumbini, alitaka kuuza kadi, kwamba binamu yake Abhishek atakuja kukaa, na kwamba kama angejua... Kisha akaanza kufungafunga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Mwishowe alituambia jambo moja. Dreva ile mpya, alisema, kadi ikijikwaa nayo inaanguka na kuvuta kompyuta nzima. Ile ya zamani ingeruka picha chache, ingeendelea.

Mogaka alivaa kofia yake. Hakumtukana mtu. Alinisubiri nje, juani.

"Wewe ndiye esigani," alisema. "Njoo nyumbani utuambie mwenyewe. Mimi sitamwambia dada yangu jambo hili."

Tulirudi Ikonge, mimi na Abner. Asubuhi niliamshwa na feni ya kompyuta. Alikuwa ameiwasha, mlango wazi, ukungu unaingia mpaka juu ya meza. Gari lilikuwa linateleza kwenye kioo, safi, bila nukta. Sabini na nne.

"Haijaharibika," alisema, akaanza kucheka kicheko kibaya, kisha akaweka uso juu ya meza.

Hapo ndipo nilipoelewa, nami nilistahili kuelewa kabla ya watu wote. Nilikuwa taniboi, utingo wa malori, miaka kumi na moja. Mara ngapi nimeona injini inayopanda baridi ya Limuru ikiimba, halafu inachemka kama sufuria ikifika joto la Mtito Andei? Nimefanya kazi Magadi, ambako chuma cha saa sita kinachuna ngozi. Tulikuwa tumeipima kadi siku kumi na mbili katika baridi ya Ikonge, mimi nimejifunga blanketi, na halikunijia wazo kwamba ukumbi wa mabati mwezi wa Februari, saa saba mchana, una hewa nyingine. Abner alijua kompyuta. Joto lilikuwa la kwangu kujua. Hiyo ndiyo elimu pekee niliyokuwa nayo, na siku ilipohitajika sikuitoa.

Nilimwambia hivyo. Hakuinua kichwa. "Ningeshika kibao kwa kidole ningejua mwenyewe, tata," alisema. "Nenda Nyamarambe. Usiwafanye wangoje."

Nilimkuta Bochaberi uani kwa kaka yake, anamenya njugu. Alinipa kigoda na uji, akaniacha ninywe kwanza kama anavyostahili mgeni. Mogaka alikuwa amekwenda kutafuta kamba. Nilimweleza yote, tangu nukta ya kwanza mpaka kioo cheusi. Nilitaka kuruka sehemu moja. Hakunipa nafasi.

"Alipokutazama, tata, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aiache ikimbie."

Aliendelea kumenya. Maganda yalikuwa yanamwangukia miguuni.

"Angepunguza, angeshinda?"

"Pratik alisema angeshinda. Naamini angeshinda."

"Mlikuwa mnamtazama Mogaka," alisema polepole. "Nyote wawili. Mngekuja kuniuliza mimi. Mimi sikutaka amshinde mtu. Nilitaka apate kazi anirudishe nyumbani. Hata ingekimbia kidogo kuliko ya Mhindi, ningekuwa nimeshukuru." Akasimama, akapangusa nguo. "Mwambie sina hasira. Hapana, usimwambie. Akisikia sina hasira atakuja, na hawa kaka zangu watampiga."

Akaingia ndani. Sikumwona tena.

Mogaka alinikabidhi ng'ombe wanne barabarani. Alinitengea na chakula cha njiani, kimefungwa kwenye jani la mgomba, na akaniambia kwamba dume lile la baka ni kaidi kwenye madaraja. Sikutaka kupita Kisii mjini, mahali watu walinijua, nikazunguka kwa njia ya Birongo. Watoto walikuwa wanauliza, "Mzee, unapeleka mahari wapi?" Mtu akiona ng'ombe wanaswagwa na mzee mwenye fimbo, anadhani ni furaha inayokwenda.

Siku ya tatu jioni nilifika Ikonge. Shamba aliloachiwa Abner na marehemu baba yake ni chai tupu, safu kwa safu mpaka mtoni. Hakuna hata majani ya mbuzi. Alitoka nje aliposikia kwato. Aliwatazama wale ng'ombe, mmoja mmoja, kama mtu anayewakumbuka kwa majina. Akanipokea kamba, akamfunga kila mmoja kwenye mti wa uzio, fundo juu ya fundo, polepole sana.

"Alisema kitu?" aliniuliza.

Nilifungua mdomo. Maneno ya Bochaberi yalikuwa hapo, yote mawili, lile la kusema na lile la kutosema.

"Hapana," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani, nikasikia komeo. Nilingoja nikidhani atatoka. Dume la baka likaanza kulia kwa kiu, na wengine wakalifuata, mpaka watu wa kinu wakachungulia kujua kuna nini. Nikachukua ndoo iliyokuwa kando ya mlango, nikaenda mtoni kuwatafutia maji.